Tangazo Halibanduliwi

Tangu Nejc Podgornik aseme neno lile, Vidosava Tešić hakuwa na makalio ya kukaa. Akikaa anasimama, akisimama anakwenda dirishani, akifika dirishani anakumbuka simu aliyoiacha mezani, anarudi kuiangalia, na simu haina kitu. Watu wa ofisini walidhani ni kahawa. Mumewe alidhani ni umri, na kwa kuwa alikuwa na akili zake timamu, hakulisema. Ukweli ni kwamba Vida, kama wote walivyomwita, alikuwa na jambo la kumwambia mwanamke mmoja wa miaka themanini na mitatu, na kwa wiki tatu nzima alikuwa akilikimbia.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Bibi Stana lazima afe.

Bibi Stana si mtu. Ni nyanya wa familia ya Grujić katika tamthilia ya Meza Ndefu, ambayo Vida alikuwa akiitayarisha tangu nywele zake zikiwa bado nyeusi kwa asili. Misimu ishirini na miwili! Kuna watu hapa Zemun waliozaliwa, wakabatizwa, wakaoa na wakaachana huku Meza Ndefu ikiendelea tu. Kila sehemu huishia palepale: ni Jumapili mchana, familia nzima iko mezani, bakuli la supu linapita mkono kwa mkono, watu wanagombana, na Bibi Stana anagonga sahani kwa kijiko na kusema neno la mwisho. Anayemwigiza anaitwa Nadežda Borovac, lakini jaribu kumwita hivyo sokoni uone kama kuna atakayegeuza shingo. Sokoni ni Bibi Stana. Kwa daktari wa meno ni Bibi Stana. Hata kasisi aliteleza siku moja, akamtaja kwa jina la Stana mbele ya kikombe cha komunyo, na Nadežda akafungua kinywa akapokea bila kinyongo.

Sasa kituo cha televisheni kilichokuwa kikiirusha Meza Ndefu kilisema mwaka huu kitagharamia nusu tu ya msimu mpya. Nusu ya pili mtafute wenyewe, huko mtandaoni, ndiko watu waliko. Basi Vida akaingia kazi ya ushenga. Tamthilia kongwe inapotafutiwa mwenzi ni kama mzee mjane anayetafutiwa mke: kila anayeletwa anauliza kwanza atakufa lini, na ataacha nini. Jukwaa moja la mtandaoni, la Warsaw, lilisema watazamaji wenu wamezeeka. Lingine la Vienna lilitaka lipewe misimu yote ya zamani bure, kama mahari. La Athens lilijibu kwa heshima kubwa, kisha likanyamaza moja kwa moja. La nne, la Ljubljana, ndilo lililomtuma Nejc.

Nejc alikuwa kijana mpole wa miaka thelathini na kitu, mwenye soksi za rangi mbalimbali, aliyejifunza lugha yetu kwa bibi yake mzaa mama na kuizungumza kwa uangalifu mwingi. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuuma Vida zaidi.

"Dada Vida," alimwambia, "kijana anayefungua sehemu ya kwanza leo huwezi kumdai ajue ya miaka ishirini na miwili. Mpe mlango aingilie. Kifo ni mlango. Bibi anakufa, watoto wanarudi kutoka kila pembe ya dunia kumzika, na mtazamaji mgeni anawajua mmoja mmoja wanapoingia. Sisi tunatia nusu ya gharama, tunaonyesha kwanza, kituo chenu kinafuata wiki moja baadaye. Ila bibi afe. Sehemu ya kwanza."

Bila hivyo, watu tisini wa Meza Ndefu walikuwa wanarudi makwao kabla ya Krismasi. Vida akasema atazungumza na Nadežda. Akaahidi.

Mara ya kwanza alikwenda kwake na mkate wa jibini, akamkuta anachoma hoho nyekundu kwa ajili ya achari ya msimu wa baridi, moshi umejaa ghorofa nzima.

"Vido, mwanangu, kaa, mbona umekonda hivyo? Huyo mwanamume hakupikii?" Kwetu jina likiitwa mara nyingine hubadili mwisho, Vida akawa Vido.

Vida akala, akasifu, wakabusiana mara tatu kama desturi, akaondoka. Mara ya pili alithubutu hadi "Bi Nada, kuhusu msimu mpya…" na Nadežda akamkata: "Najua, najua, Stana apunguze chumvi, presha yake mbaya. Waambie waandishi nimekubali." Wakacheka wote wawili. Vida alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akashuka ngazi mbiombio kama mtu aliyeiba.

Nadežda hakuwa na mtoto, na mumewe alikuwa amezikwa zamani. Mama yake Vida alipofariki, ni Nadežda aliyemfunga kitambaa cheusi kichwani kwa mikono yake na kumwambia kula, wafu hawafurahii njaa yetu. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba umeuza kifo chake Ljubljana? Lakini mficha uchi hazai. Na siku za mwizi, wahenga walisema, ni arobaini. Za Vida hazikufika hata huko.

Kabla ya kutia saini, Nejc aliomba aone kipande cha majaribio, dakika mbili tu, apate hewa ya msimu mpya. Jumatatu wakapiga picha mbele ya nyumba ileile ya Zemun ambayo nchi nzima inaijua, yenye lango la kijani na mti mkubwa mbele. Hakukuhitajika mwigizaji. Ilihitajika karatasi moja tu. Kwetu mtu akifa, tangazo lake hubandikwa kwenye mlango, kwenye nguzo na kwenye mti wa mtaani: msalaba juu, picha, jina, miaka, na majina ya waliofiwa. Anayepita anasimama, anasoma, anapiga ishara ya msalaba, anaendelea na safari zake. Fundi wa vifaa, Ratomir, akatengeneza moja safi sana. Akaweka picha nzuri ya Nadežda akitabasamu, na jina la Stana Grujić. Upepo ukapeperusha majani ya mti, kamera ikasogea polepole, ikapendeza. Vida akamwambia Ratomir, "Ukimaliza, ondoa," akakimbilia gari, kwa maana hata kuitazama hakuweza.

Jumanne, siku ambayo Nejc alitazamiwa kufika, simu ya Vida ililia akiwa bado anapiga mswaki. Ni mwanamume anayeigiza mtoto mkubwa wa Stana, analia kwa kwikwi.

"Kwa nini hukutuambia, Vida? Nimeisikia kwa muuza magazeti!"

"Umesikia nini?"

"Bi Nada! Mungu aisamehe roho yake! Tangazo liko mtini!"

Vida alitema povu, akavaa viatu visivyofanana, akaondoka.

Mtaa ulikuwa umejaa. Chini ya mti mishumaa ilikuwa inawaka ndani ya vikombe, maua yamelazwa hadi barabarani, na mbele ya lango la kijani wanawake walisimama na walichokuja nacho: kahawa, sukari ya vipande, chupa ya rakija, ile pombe yetu kali ya matunda. Hivyo ndivyo tunavyokwenda msibani, na watu hawa walikuja msibani. Dereva wa basi alisimamisha basi, akashuka, akawasha mshumaa, akarudi kuendesha, na hakuna abiria aliyelalamika. Vida akapenya katikati yao akimtafuta Ratomir, akamkuta pembeni, amevua kofia.

"Ratomire! Nilikwambia uondoe!"

"Uliniambia."

"Sasa?"

"Mimi?" Ratomir alirudi hatua nyuma. "Mimi nibandue tangazo la kifo? Tangazo halibanduliwi, Vida. Linaondolewa na mvua. Marehemu mama yangu alimjua mtu aliyebandua moja, mwaka haukuisha."

"Ni la uongo, wewe! Umelichapa mwenyewe!"

"Nimelichapa mwenyewe, ndiyo, tena karatasi nzuri. Lakini msalaba ni msalaba. Libandue wewe basi, si uko hapa? Nenda."

Vida akaenda mpaka kwenye mti. Akainua mkono. Nadežda alikuwa akimtabasamia kutoka kwenye ile karatasi, nyuma yake watu mia wakimtazama, na mkono wake ukabaki hewani. Mwanamke huyu alikuwa na shahada mbili na hakuamini hata ndoto. Akaushusha mkono. Ratomir akavaa kofia yake, ameridhika.

Akampigia Nadežda. Simu haipokewi. Akapiga tena, akizunguka mti, akipishana na wazee wanaompa pole. "Pole mama, pole sana, alikuwa mtu wako." Asante, asante. Kwa nini hapokei? Akipita mtu akamwambia mwenyewe njiani? Na moyo wa miaka themanini na mitatu utastahimili? Vida akaona kwa macho yake jinsi tangazo la uongo linavyogeuka la kweli kabla ya mchana, naye ndiye aliyeliagiza. Akaanza kukimbia kuteremka mtaa kuelekea sokoni.

Hakufika mbali. Nadežda alikuwa anapanda, polepole, akivuta kile kitoroli chake cha sokoni kilichojaa hoho, na nyuma yake, kwa umbali wa heshima, watu wapatao ishirini wakimfuata kimya. Hakuna aliyejua afanye nini. Mama mmoja alimwona, akapiga ishara ya msalaba, mshumaa ukamponyoka.

"Mnanitazama nini?" Nadežda alisema. "Tangu sokoni. Muuza hoho kanipa kilo mbili bure na kuniomba nimsalimie marehemu mumewe. Kuna nini?"

"Bi Nada, turudi," Vida alimshika mkono. "Turudi nyumbani, nitakueleza."

"Nieleze hapahapa."

"Bi Nada, nakuomba."

Lakini Nadežda alikwisha kuiona mishumaa. Watu wakampisha njia, akafika kwenye mti, akavaa miwani yake ya kusomea, na akasoma tangazo lote, kutoka msalaba hadi majina ya waliofiwa.

"Mmenizeesha miaka miwili," alisema mwishoni.

"Si wewe, ni Stana," alisema Ratomir kwa sauti ndogo.

"Uso ni wa nani, Ratomire?" Kisha akavua miwani na kumgeukia Vida. "Sehemu ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Na umejua tangu lini?"

Vida alitamani kudanganya. "Wiki tatu."

Nadežda alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekumbuka. "Ule mkate wa jibini," akasema. "Nami nikasema, mtoto huyu ananipenda." Akaifunga miwani na kuitia mfukoni. "Vema, Bi Tešić."

Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumwita Bi Tešić. Lingekuwa kofi, Vida angelipokea kwa shukrani.

Watu nao walikuwa wameanza kuelewa. Wengine walicheka kwa aibu, wengine walikasirika. Mzee mmoja alidai mshumaa wake. Mwanamke aliyebeba kahawa aliuliza kwa ukali, "Kwa hiyo amekufa au hajafa?"

"Sijafa, mama, ila nitakufa mwezi wa kumi na moja, msimu ukianza," Nadežda akamjibu. "Na aliyekuja msibani haachwi barabarani. Ratomire, fungua lango. Ingieni. Kahawa si mmeleta wenyewe?"

Wakaingia. Nyumba ile ndani ina jiko la kweli, kwa sababu mwongozaji wa kwanza wa Meza Ndefu alikuwa mlafi na alikataa supu ya kuigiza. Meza ndefu ilikuwepo, na viti vyake. Watu wakakaa kwa zamu, wakigusa mbao kwa vidole. Mara kahawa ikachemka, rakija ikamiminwa, na kila mtu kabla ya kunywa akadondosha tone sakafuni kwa roho ya marehemu, ilhali marehemu mwenyewe alikuwa anazungusha sukari. Wakaanza kumsimulia. Mmoja alisema baba yake, hospitalini, hakutaka kufa kabla ya kujua kama Stana atamsamehe mkwewe. Mwingine alisema yeye na mumewe hawakuongea mwaka mzima ila Jumapili, ile saa moja ya tamthilia, na tena ilikuwa kumbishia Stana. Nadežda alisikiliza, na pale alipoguswa alisema, "Nimeguswa," na pale aliposikia uongo alisema, "Hiyo sikuisema mimi."

Nejc alikuta mambo yamefika hapo. Aliingia na mkoba wake begani, akapokewa, akatiwa glasi mkononi, akakalishwa. Aliangalia mishumaa dirishani, akaangalia watu wanaofuta machozi, na uso ukamng'aa. Akainuka, akainua glasi ili aigonganishe na ya jirani yake.

Jirani akaivuta glasi yake kifuani.

"Kwa wafu hatugonganishi, mwanangu," Nadežda alisema. "Dondosha tone, unywe, ukae."

Nejc akawa mwekundu, akadondosha, akanywa, akakohoa. Kisha akamvuta Vida hadi jikoni. Alikuwa hatulii kwa furaha.

"Dada Vida, hii hata kwa matangazo ya mamilioni huipati! Nilikuwa na mashaka, nakwambia kweli. Sasa sina. Sehemu ya kwanza, bila kuahirisha. Nipe kalamu nitie saini hapahapa juu ya jiko."

Hapo ndipo kitu kilichokuwa kikimzungusha Vida wiki tatu kikampanda kichwani. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Hafi. Chukua mkoba wako, rudi Ljubljana. Tafuta bibi mwingine wa kumuua."

"Lakini watu tisini, wewe mwenyewe ulisema…"

"Nitawaambia mimi! Nitasimama mbele yao niwaambie mmoja mmoja, sina tena uso wa kuficha!" Sauti yake ilikuwa imepanda, sufuria zilikuwa zinamsikia. "Wewe unaona mishumaa unaona watazamaji. Mimi namwona mama yangu pale!"

"Mama yako yuko makaburini, Mungu amrehemu, na mimi si kiziwi," alisema Nadežda mlangoni. Alikuja na vikombe vichafu, akaviweka kwenye beseni. "Bi Tešić, hukuniuliza nilipohukumiwa kufa, na sasa hujaniuliza unaponiokoa. Kaa kimya kidogo. Wewe kijana, bibi yako yu hai?"

"Alifariki, mama. Huko Celje."

"Alipofariki, kule kwenu, aliondoka siku ileile?"

Nejc hakuelewa swali.

"Kwetu haondoki. Roho hukaa nyumbani siku arobaini. Inapita vyumbani, inagusa vyombo vyake, inawasikiliza wanaomsema. Ndiyo maana tunamwekea glasi ya maji na kipande cha mkate. Siku ya arobaini tunakusanyika, tunakula, tunamwachia aende. Mna sehemu ngapi msimu huu?"

"Kumi na mbili."

"Basi niueni ya kwanza, na arobaini yangu iwe ya kumi na mbili. Katikati nakaa kwenye kiti changu. Hawanioni, hawanisikii. Anayeniona ni huyo kijana wako mgeni aliyefungua mlango, na yeye ndiye nitakayemwambia: huyu anayelia ni mwanangu wa kwanza, usimwamini, analilia nyumba. Utampata wapi mtu mwingine wa kumtambulisha kwa familia?" Akafuta mikono. "Na mistari yangu iwe mifupi."

Nejc alikuwa na akili, nimekwisha kusema. Alitoa simu, akatoka uani, akaonekana dirishani akitembea huku na huku, akipunga mkono kwa wakubwa wake wasioweza kumwona. Aliporudi alisema Ljubljana wanauliza tu kama yule bibi anaweza pia kugonga sahani kwa kijiko kila mwisho, hata kama hakuna anayesikia.

"Naweza," alisema Nadežda.

Ndivyo Meza Ndefu ilivyopata mwenzi wa kuilipia nusu, na ndivyo watu tisini walivyobaki kazini. Ungedhani Vida sasa atatulia. Wapi! Ilipoanza kazi ya kupiga picha, alizunguka nyuma ya kamera mpaka mwongozaji akatishia kumfunga kwenye kiti. Nadežda alimsalimia kila asubuhi kwa heshima zote. Habari za asubuhi, Bi Tešić. Ahsante, Bi Tešić. Vida alimletea mkate wa jibini, Nadežda akaugawa kwa mafundi wa taa.

Na kuna jambo lingine lililomkosesha raha, hata akalichukia wazo zima. Sharti la kazi lilikuwa mtu yeyote mezani asimtazame Nadežda. Waigizaji walifanya mazoezi kwa bidii: macho yapite juu yake, mkono upite mbele yake kuchukua chumvi. Wakazoea. Wakazoea hata kamera ikizimwa. Wakati wa mapumziko wangekaa pale wakila, wakizungumza kupita kifuani pake, na yeye katikati yao, na supu yake, kimya. Hawakuwa wabaya. Ni mazoea tu, na mazoea yana taabu.

Ikafika sehemu ya kumi na mbili, siku ya arobaini. Mezani kulikuwa na ngano ya kuchemsha iliyopambwa kwa sukari na njugu, na mshumaa mmoja katikati. Familia ikadondosha matone, haikugonganisha glasi. Bibi Stana akagonga sahani kwa kijiko. Akasema, kwa mtazamaji peke yake, "Wamekula. Nimewaona wamekula." Akanyanyuka, akasukuma kiti chake mahali pake, akaenda mlangoni taratibu, akatoka, mlango ukajifunga. Hakuna jicho hata moja lililomfuata. Mwongozaji akangoja, akangoja, kisha akapiga kelele kwamba imekwisha, imekwisha, na hatutapata nzuri zaidi ya hiyo! Wakaruka wote. Wakakumbatiana, wakalia, chupa ikafunguliwa, Nejc akabusu watu asiowajua.

Vida alingoja mlango ufunguke. Haukufunguka. Akaangalia msumari wa nyuma ya mlango: koti la Nadežda lilikuwa linaning'inia pale.

Akalichukua akatoka. Ilikuwa baridi ya Novemba inayotoka mto Danube na kuingia mifupani. Nadežda alikuwa nje ya lango, mbele ya mti, bado amevaa nguo za marehemu Stana. Tangazo lilikuwa bado limeshikilia. Mvua ilikuwa imelitafuna jina na miaka, msalaba umefifia, umebaki uso tu, nao nusu. Vida akamvika koti. Ndani watu walikuwa wanaimba.

"Nisamehe," akasema. Hakuwa ameliandaa. "Niliogopa. Niliona bora ufe bila kujua kuliko unichukie ukijua. Ni uoga, Bi Nada, hakuna jina lingine."

Nadežda aliukaza ukosi wa koti. "Unajua kwa nini niliomba arobaini?"

"Kwa ajili ya watu tisini."

"Watu tisini wana mikono na miguu. Niliomba kwa sababu ningekufa sehemu ya kwanza, ningekula na nani mchana?" Alisema bila kujihurumia, akifunga vifungo kwa vidole vilivyokufa ganzi. "Nikapata nilichoomba. Nimekula mezani na watu kumi miezi miwili, na hakuna aliyenipitishia mkate. Nikasema moyoni, Nadežda, basi ndivyo kutakavyokuwa. Ila kila nikiinua macho kulikuwa na mtu mmoja nyuma ya kamera ananitazama mimi tu, anahangaika kama kuku anayetaka kutaga."

Vida akanyoosha mkono kwenye mti, akashika pembe ya ile karatasi. Safari hii angeibandua, na lolote liwe.

"Acha," alisema Nadežda. "Halibanduliwi." Akamshika ule mkono, akautia mfukoni mwa koti lake pamoja na wake, kwa kuwa baridi ilikuwa kali. "Jumapili uje kwangu. Meza yangu ni ya watu wawili, na kiti kimoja kimejaa magazeti, utayatoa mwenyewe. Na kama una la kuniambia, Vido, mwanangu, utaniambia kabla ya supu."

Vida akasimama palepale, kwa mara ya kwanza tangu vuli ianze, wala hakuangalia simu.